Kikapu Kilichofika na Pikipiki

Nauza vitu ambavyo sivioni vikifunguliwa. Mama wa chapati anamwona mteja akitafuna. Kinyozi anaona kichwa kikitoka safi. Mimi nikishafunga utepe nampa mtu wa boda kikapu, anakiweka mbele yake juu ya tangi la mafuta, anapinda kona ya maegesho ya malori, basi. Kinaingia kwenye nyumba ya watu. Wakifurahi siwaoni, wakikunja uso siwaoni. Jambo hilo limenisumbua tangu nianze, na sijui kama linawasumbua wengine wanaofanya kazi hii au ni mimi tu nina udaku.

Sikuianza kwa akili. Nilikuwa nashona vifungo na kukunja pindo katika duka la fundi wa nguo hapa Busia, mama Mwislamu ambaye nyanya yake alitoka pwani. Duka ni lake hadi leo. Mimi nina kona na meza. Siku moja kijana wa ofisi ya kutoa mizigo forodhani aliingia na chupa ya asali, pakiti za majani ya chai na shati jipya, akasema bosi wake anahamishwa na wanataka kumpa hivyo vitu kwa heshima. Nikatoa kikapu changu cha sokoni, nikakifuta, nikatandika kipande cha kitenge kilichokuwa kimebaki chini ya cherehani, nikapanga.

Fundi akatazama juu ya miwani. "Sasa huyo boss mnamuaga ama mnamzika?"

Kijana hakujali. Alipenda, na baadaye wenzake wakaja wakiuliza yule wa vikapu ni nani. Hapo ndipo nilipojiambia labda hii ni kazi.

Mengine nilijifunza kwa video za simu, ingawa nyingi ni za watu wenye meza nyeupe na vitu ambavyo soko letu halina. Nilijifunza ile nailoni ngumu ya kufungia kikapu, inayong'aa, inayolia kila ukiigusa, jinsi ya kuivuta mpaka isiwe na kunyanzi. Hilo silo la kujisifu, lakini naivuta vizuri. La majani makavu ya mgomba chini ya kikapu, ili chupa zisigongane, nililitoa kichwani mwangu. Wengine hutumia karatasi. Karatasi pia ni sawa.

Kazi ilipokua kidogo nikaongeza Malaba. Pale nilipata meza kwenye baraza ya duka la pesa za simu, na nikaona kitu ambacho sikukitarajia: foleni ya malori inawakumbusha watu nyumbani. Dereva akikaa pale hasongi, anaanza kuwaza mkewe, mamake, mwalimu aliyemsomeshea mtoto. Anashuka. Anauliza bei. Wateja wa Busia wanataka kitu kikubwa kikae mbele kionekane. Wale wa Malaba wanauliza kwanza kama kitavunjika njiani. Mbona iwe hivyo, mji na mji jirani? Nimewauliza, wananicheka.

Hapo Malaba ndipo aliponijia yule msichana.

Namwita msichana lakini alikuwa na mtoto mgongoni, wa kike, anayeanza kutembea. Alikuwa mtu wa Jinja, ng'ambo ya mpaka, amepanga chumba Malaba upande wetu, anauza nguo za watoto za mitumba. Mumewe ni dereva wa malori, mtu wa Khunyangu huku Butula.

"Nyabo, nataka kikapu cha mama mkwe," aliniambia. "Cha kuonekana. Akikiona aseme huyu ana adabu."

"Ni cha kumpelekea mwenyewe?"

"Sijawahi kufika kwake."

Akanieleza, na alieleza kama mtu aliyekwisha kujieleza peke yake mara nyingi. Mume alipompigia mamake simu kumwambia ameoa Mganda (huku kwetu kila mtu wa ng'ambo ni Mganda, hata akiwa Msoga), mama alijibu, "Mtu wa ng'ambo nitamjuaje?" Mume akalibeba neno hilo jinsi lilivyo akampelekea mkewe. Mimi ningemshauri asilibebe, lakini hakuniuliza. Msichana alilisikia kama mlango unafungwa. Nilipolifikiria baadaye niliona linaweza kuwa kukataa, na linaweza pia kuwa swali la kweli. Mtu wa ng'ambo utamjuaje? Kwa kweli ni swali.

"Akikipokea kwa roho safi atatuma neno niende," alisema. "Asipotuma, nabeba mtoto narudi kwetu. Siwezi kuwa mke wa barabarani, mume ananikuta akipita kama kituo cha mafuta."

"Na ukienda tu mwenyewe?"

"Banange! Kwetu hutokei kwa mama mkwe bila kuitwa. Ni kama kuvunja mlango wa mtu."

Tulichagua pamoja. Sukari, majani ya chai, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni za kuogea zenye harufu, na leso. Nilikipeleka Busia nikakifunga kwa mikono miwili na meno. Nailoni ilikaa kama kioo. Kesho yake mtu wangu wa boda akakipeleka Khunyangu, na aliporudi nilimkamata kabla hajazima pikipiki.

"Umempa?"

"Nimempea, madam. Mkononi."

"Akasema nini?"

"Asante."

"Basi? Hakusema kingine?"

"Aliuliza mwenyewe ako wapi. Nikamwambia mama usijali, mwenyewe ameshalipa."

Nilicheka, nikarudi ndani. Sikuona kitu hapo.

Neno kutoka Khunyangu halikuja. Msichana alikuwa akija Busia kuchukua marobota yake ya nguo, na kila akija anapitia dukani kwa fundi, anasimama mlangoni, haulizi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema, "Bado?" naye anatikisa kichwa. Mumewe alikuwa barabarani. Alipompigia mamake na kumwuliza kama amepata kikapu, mama alimjibu, "Nimekiona."

Tulilikalia neno hilo mchana mzima, mimi na fundi.

"Nimekiona," fundi alirudia. "Hakusema nimekipata. Hakusema nimefurahi. Hata mimi jirani yangu akinunua ng'ombe, nimemwona."

"Labda ndivyo anavyoongea."

"Labda. Na labda ni sabuni. Umemwekea mama wa watu sabuni ya harufu. Unamwambia ananuka?"

"Ni zawadi!"

"Mimi nakuambia vile watu wanawaza. Na leso? Leso ilikuwa imeandikwa nini?"

Nilikuwa sijasoma. Huku bara tunanunua leso kwa rangi. Lakini nilikuwa nimebaki na nyingine ya aina ile ile, nikaitandaza juu ya cherehani. Iliandikwa *Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Fundi alishika kiuno.

"Haya. Mgeni ni yeye Mganda, mwenyeji ni mama. Kwa hivyo mama ni mgonjwa, na dawa ni huyo mtoto wa watu. Kama ni mimi ningekirudisha na pikipiki ile ile."

Alikuwa akinitania nusu na nusu hakutania. Usiku huo nilijaribu kuwa yule mama mkwe wa Khunyangu kichwani mwangu. Napokea kikapu, natoa sabuni, nasoma leso. Wakati mwingine nilikasirika, wakati mwingine sikukasirika. Haikunisaidia.

Kilichonitoa dukani ni siku msichana alipokuja bila kuchukua robota. Alisema amemwambia mwenye nyumba kwamba mwezi ukiisha anaachia chumba. Sufuria mbili alikuwa ameshauza kwa jirani. Hakulia wala hakumsema vibaya mama yule, alisema tu, "Amenijibu kwa njia yake." Mtoto wake alikuwa anavuta utepe kwenye meza yangu.

Sasa, mimi si ndugu wa mtu hapo. Niliuza kikapu, kikafika. Mwenye duka la sukari hamfuati mtu aone chai imekuwaje. Lakini nilitaka kujua, na sitasema ilikuwa huruma peke yake. Ilikuwa pia ule udaku wangu. Kikapu changu kilikuwa kimefanya nini mle ndani? Siku ya soko nikapanda gari la Butula. Nilijiambia naenda Khunyangu kutafuta wafumaji wa vikapu, na ili nisiwe mwongo niliwatafuta kweli, nikapata mmoja mzuri, nikaagiza. Halafu nikauliza njia.

Nilimkuta mama akigeuza muhogo kwenye turubai uani. Mwanamke mwembamba, mrefu, wa kukuangalia bila haraka. Tukaamkuana. "Mulembe." "Mulembe muno." Nikasema natoka Busia, nanunua vikapu, na kiu imenishika. Yote yalikuwa kweli. Akanikaribisha ndani.

Kilikuwa juu ya kabati. Chini yake ametandika kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyotandika chini ya redio. Nailoni haikuwa imepasuliwa hata mahali padogo. Utepe ulikuwa umekaa kama nilivyoufunga, na mtu alikuwa anaufuta vumbi. Sabuni zilionekana mle ndani, leso imekunjwa, sukari imesimama. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kazi ya mikono yangu imekaa kwenye nyumba ya mtu, na ilikuwa imekaa kama samaki kwenye chupa.

"Unakiangalia sana," mama alisema akinipa maji.

"Ni kizuri, mama."

"Kizuri. Majirani wamekuja kukitazama mpaka wamechoka. Mmoja aliniuliza kama kinatumia umeme."

Nikacheka, naye akacheka, na kwa kuwa tulikuwa tumecheka nikathubutu. "Mbona hujakifungua?"

"Nikifungue nikiwa na nani?" Alikaa. "Mwanangu ameoa huko mpakani. Huyo mke ndiye amenitumia hiki. Kimekuja na pikipiki. Mimi nikamwuliza yule kijana, mwenyewe ako wapi? Nikadhani amemwacha barabarani, huenda anaona haya, nimwendee. Kijana ananiambia mwenyewe ameshalipa." Alifungua mikono. "Amelipa nini? Mimi siuzi mwana. Pikipiki ndiyo mke wa mwanangu?"

Nilishika glasi yangu.

"Kwetu mtu analeta kikapu chake," aliendelea, kama anayemweleza mtoto. "Kimefunikwa kitambaa. Anakaa hapo ulipokaa. Tunafungua akiona, tunatoa, tunaweka kitu kingine, anarudi nacho. Kikapu hakirudi kitupu. Sasa hiki, tazama, kimefungwa kama mtu aliyevunjika mguu. Nitatia njugu wapi? Na njugu zake nimeziweka." Akanionyesha mfuko pembeni ya mlango. "Nimeshakula nusu, nikaongeza nyingine. Namngoja mwenyewe."

Mwenyewe. Mtu wangu wa boda alikuwa amesikia mwenyewe wa pesa, yule wa kulipa nauli. Mama alikuwa anauliza mtu. Ni neno moja na nalitumia kila siku. Ningesikia mimi, pengine ningejibu vile vile.

Ilibidi niseme. Nikasema ni mimi niliyekifunga. Alitazama mikono yangu kwanza, halafu uso.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Una nguvu," akasema.

Nikamwambia na lingine, kwamba msichana yuko Malaba anangoja aitwe, kwao mtu haendi kwa mama mkwe bila neno, na kwamba asipoitwa ataondoka mwezi ukiisha, na mtoto. Hapo aliacha kutabasamu.

"Aitwe?" alisema. "Mtu anaitwa kwake?"

Aligeuka akatazama mlangoni. Nilidhani amekasirika, na huenda alikasirika. Wote wawili walikuwa na adabu, kila mmoja adabu ya kwao, na hizo adabu mbili zilikuwa zimekaa zikitazamana kupitia nailoni yangu. Nilijiuliza kama nimevunja kitu kwa kusema. Hata sasa sina hakika kwamba muuzaji ana haki ya kusema.

"Mwambie hivyo hivyo," alisema mwisho. "Mtu haitwi kwake. Na aje na mtoto."

Nilimpelekea msichana maneno hayo Malaba. Alinifanya niyarudie. "Kwa mdomo wake? Alisema *kwake*?" Akageukia upande akajifanya anakunja nguo za mauzo. Kisha akasema hataenda peke yake, nimpeleke mimi niliyeijua njia.

Kabla ya Jumapili tuliyopanga, nilimwomba fundi anishonee vitambaa vya kufunika vikapu, vya mviringo, vyenye mpira pembeni. Nilitaka kuona kama watu watavinunua. Ofisi za mizigo zilikataa kabisa. "Nikifunika, wengine watajuaje nimempa nini?" mmoja aliniuliza, na sikuona alipokosea, zawadi ya ofisi ni ya macho mengi. Lakini mama mmoja Mteso wa Malaba alichukua viwili papo hapo, na akarudi na dada zake. Kwa hiyo siku hizi nafunga kwa namna mbili, na mteja akija namwuliza nani atakuwepo kikifunguliwa. Wengine wanapenda swali hilo. Wengine wananiambia, "Dada, uza."

Jumapili tulifika mchana. Msichana alikuwa amevaa gauni la kwao lenye mabega yaliyosimama, la kung'aa, na jasho lilikuwa linamtoka. Mama alitoka mlangoni. Msichana akapiga magoti palepale uani, juu ya vumbi, kumsalimu.

Mama alishtuka akanitazama mimi. "Ameanguka?"

"Anakusalimu, mama. Ndivyo kwao."

"Kwa magoti? Inuka, mwanangu, inuka, utaharibu nguo! Hebu mshike mtoto huyo!"

Mtoto alishikwa, akaanza kulia, akabembelezwa, akapewa njugu, akanyamaza. Tukaingia. Mama alikitoa kikapu juu ya kabati, akakiweka chini katikati yetu, akamwambia msichana, "Fungua." Msichana alitafuta mwanzo wa nailoni akaukosa. Akavuta utepe, ukakaza. Alijaribu kwa kucha. Mama naye akajaribu upande wake. Walikuwa wameinama vichwa vikikaribiana, wanavuta, nailoni inalia, na hakuna aliyenitazama, lakini nilitamani sakafu inifiche.

"Huyu mama wa Busia alikuwa anaogopa nini?" mama aliuliza.

"Wezi," msichana alisema taratibu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania.

Kisu cha jikoni kilimaliza kazi. Vitu vikatoka kimoja kimoja. Mama alinusa sabuni, akaniambia mimi, "Hii inanukia," akaiweka mbali na mchele. Leso aliitikisa ikafunguka, akaitazama rangi, akajifunga kiunoni. Hakusoma hata neno. Kikapu kilipobaki kitupu alikigeuza, akapiga kitako chake kwa kiganja kama anayenunua, kisha akamimina njugu.

Nilikuwa natazama uso wa msichana. Hakuwa ameelewa bado. Kukaribishwa, kupewa njugu, hayo hata mgeni anapata. Alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu wa kuondoka.

Mama alichukua pakiti ya sukari na ya majani akamwekea mapajani. "Enda jikoni uweke chai. Sufuria ziko nyuma ya mlango."

Nikainuka nimsaidie, maana hajui jiko.

"Wewe kaa," mama aliniambia. "Wewe ni mgeni."

Msichana alisimama na ile sukari. Alinitazama mara moja tu, akaenda. Tulisikia sufuria zikigongana, kuni zikivunjwa. Mama alijaribu kuzungumza nami habari za muhogo lakini sikio lake lilikuwa huko. Hakuvumilia. Aliinuka, mtoto kiunoni, akavuka uani, na sauti yake ikanifikia hapo nilipokaa.

"Majani yote hayo! Na maziwa je? Unachemsha maji matupu?"

"Kwetu, maama, tunatangulia na maji, maziwa..."

"Kwenu wapi tena? Mimina maziwa."

Chai ilikuja nyeusi kuliko ya huku, na tamu kupita kiasi. Mama alionja akakunja uso, akanywa, akasogeza kikombe aongezwe.